Maisha ya Jimi Hendrix, na Kijisanduku Chake cha Fazi

Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za watakatifu, za wavumbuzi, na za viongozi waliopigania nchi. Leo naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili niwaletee habari za mtu wa namna nyingine kabisa, yaani Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka 1970. Hakuongoza jeshi wala hakuandika sheria. Alichukua vitu ambavyo watu wengine waliviita vibovu, akavifanya vizungumze. Sisi tuishio huku New Site, ambako hakitupwi kitu mpaka kimetengenezwa mara tatu, nadhani tuna haki ya kumjua mtu kama huyo.

Liko jambo jingine pia. Muhula uliopita wanafunzi wachache wa Senior Four tuliunda kijisanduku cha fazi kwa mikono yetu, kwa kufuata mchoro wa kile alichokuwa akikikanyaga Hendrix. Wengi wenu mmesikia sauti yake, na baadhi yenu mlidhani kwamba spika ya shule imepasuka. Basi yafaa niwaeleze mtu yule alikuwa nani, sauti ile ilitoka wapi, na kwa nini haikuwa spika kupasuka.

Jimi Hendrix alizaliwa tarehe 27 Novemba mwaka 1942 katika mji wa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Baba yake, Al Hendrix, alikuwa jeshini wakati ule, maana vita kuu ya pili ilikuwa bado inaendelea. Mama yake, Lucille, alikuwa msichana wa miaka 17 tu. Mtoto aliitwa Johnny Allen. Baba yake aliporudi kutoka vitani alibadilisha jina hilo, na mwaka 1946 mtoto akawa James Marshall. Jina la Jimi, kwa maandishi yale tunayoyajua, lilikuja baadaye sana.

Nyumba yao haikuwa na raha. Baba na mama walikuwa watu weusi maskini katika nchi ambayo mtu mweusi hakupata kazi njema kwa urahisi, na fedha zilipopungua, ugomvi ulizidi. Waliachana mwaka 1951. Watoto wakawa wanahamishwa huku na huku, mara kwa jamaa, mara kwa marafiki, mara kwa nyanya yao aliyekaa Vancouver katika nchi ya Kanada. Mwezi wa Februari mwaka 1958 mama yao akafariki, na Jimi alikuwa na miaka 15. Wengi wetu tuliokulia makambini, au kwa shangazi na wajomba, hatuhitaji kuelezwa zaidi habari ya mtoto anayelala leo hapa na kesho pale. Twaijua.

Yasemekana kwamba alipokuwa katika shule ya msingi alikuwa akitembea na ufagio kila mahali, akijifanya anapiga gitaa. Mtumishi mmoja wa ustawi wa jamii aliona jambo hilo, akaandika barua kuomba mtoto huyu anunuliwe gitaa kwa fedha za kusaidia watoto maskini. Ombi lile halikukubaliwa. Mwaka 1957, alipokuwa akimsaidia baba yake kuondoa takataka katika nyumba ya mama mmoja mzee, Jimi aliona kigitaa kidogo cha ukulele kilichobakiwa na uzi mmoja tu. Akaruhusiwa kukichukua. Kwa uzi ule mmoja akaanza kutafuta nyimbo alizozisikia redioni, sauti moja baada ya nyingine. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kijana huyu hakuchagua jembe.

Mwaka uliofuata alipata gitaa la mbao kwa dola 5. Mwaka 1959 baba yake akamnunulia gitaa la umeme. Hapo palikuwa na shida nyingine. Jimi alitumia mkono wa kushoto, na magitaa karibu yote yalitengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Kwetu mtoto anayetumia mkono wa kushoto huonywa, hasa wakati wa kula na wa kusalimu. Kule kwao pia wako waliodhani ni jambo baya. Jimi hakungoja mtu amtengenezee gitaa la kushoto. Aligeuza gitaa la kulia, juu likawa chini, akapanga nyuzi upya. Hata alipokuwa tajiri na maarufu duniani aliendelea kupiga magitaa ya kulia yaliyogeuzwa, na vifundo vya sauti ambavyo kwa watu wengine huwa chini ya nyuzi, kwake vilikuwa juu, karibu na mkono wake. Kumbukeni jambo hili la vifundo, maana nitalirudia.

Shuleni hakufika mbali. Mwaka 1961 alikamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi, akaambiwa achague kati ya gereza na jeshi. Akachagua jeshi, akaandikishwa tarehe 31 Mei mwaka huo, na baadaye akapelekwa Fort Campbell katika jimbo la Kentucky, katika kikosi cha 101 cha askari wa miavuli. Hakuwa askari mwema. Wakubwa wake walimwona kuwa mtu ambaye mwili wake uko kambini lakini akili yake iko kwenye gitaa, wakamruhusu aondoke mwaka 1962. Lakini huko jeshini alipata rafiki, askari mwenziwe Billy Cox, mpiga gitaa la besi. Urafiki ule ulidumu mpaka mwisho wa maisha yake.

Kisha ikafuata miaka minne ya taabu. Hendrix alikuwa akisafiri mji kwa mji akipiga gitaa nyuma ya wakubwa, katika kumbi ambazo watu weusi waliruhusiwa kupiga na kucheza. Aliwapigia Isley Brothers mwaka 1964, kisha akampigia Little Richard, na baadaye Curtis Knight huko New York. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma, kuvaa nguo zinazofanana na za wenzake, na kutomzidi bwana mkubwa. Mara nyingi alikosa mshahara, na mara kadha wa kadha alifukuzwa. Lakini miaka hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Kila usiku vidole vyake vilijifunza.

Katika miaka hiyo alifanya jambo moja dogo lililomsumbua kwa muda mrefu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1965, huko New York, alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu na mtengenezaji wa santuri aliyeitwa Ed Chalpin. Kwa sahihi ile alipewa dola 1, pamoja na ahadi ya asilimia 1 ya mapato. Alikuwa na njaa, karatasi ikawekwa mezani, naye akaandika jina lake. Tutaona matokeo yake.

Mwaka 1966 alikuwa akipiga katika mkahawa mmoja wa New York uitwao Café Wha?. Hapo akasikiwa na Chas Chandler, Mwingereza aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya Animals. Chandler akamchukua, na tarehe 24 Septemba mwaka 1966 wakafika London. Hendrix hakuwa na mali yo yote ila gitaa na nguo chache. Kwa muda wa majuma machache wakapata wenzao wawili, Noel Redding kwa besi na Mitch Mitchell kwa dramu. Wimbo wao wa kwanza, Hey Joe, ulitoka Desemba mwaka huo, na wa pili, Purple Haze, ulitoka Machi mwaka 1967. Wapiga gitaa wakubwa wa Uingereza walikwenda kumsikiliza, na wengine wakarudi nyumbani wakiwa kimya.

Walichokisikia kilikuwa nini? Hapa naomba niache kidogo habari za mtu nieleze habari za sauti.

Gitaa tulilolizoea sisi ni lile la Kongo. Baba zetu walicheza kwa gitaa la Franco na la Docteur Nico, sauti safi, nyororo, kila noti peke yake kama tone la maji. Hiyo ndiyo sauti ambayo mafundi wote walikuwa wakiitafuta: amplifaya iitoe sauti ile ile iliyoingia, ila kubwa zaidi. Sauti ikikwaruza, ilihesabiwa kuwa kasoro, na fundi aliitwa.

Lakini huko Nashville, Marekani, walipokuwa wakirekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry, chombo kimoja katika meza ya kurekodia kiliharibika. Gitaa la besi likatoka na sauti nene ya kukwaruza, kama nyuki ndani ya mzinga. Badala ya kuifuta, waliiacha, na santuri ikapendwa. Fundi wa sauti aliyekuwapo, Glenn Snoddy, akakaa akafikiri: kama chombo kilichoharibika chaweza kutoa sauti hii, je, yawezekana kutengeneza chombo kizima kitakachotoa sauti hiyo hiyo kwa makusudi? Akaunda kisanduku cha transista, na kampuni ya Gibson ikaanza kukiuza mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Hiyo ndiyo fazi. Mwaka 1966 Ivor Arbiter, mwenye duka la ala za muziki London, akatoa cha kwake kwa jina la Fuzz Face, cha mviringo kama sahani, chenye vifundo viwili kama macho. Hicho ndicho Hendrix alichokikanyaga.

Kisanduku hiki hufanya kazi hivi. Uzi wa gitaa ukitikisika, sauti yake huwa umeme mdogo unaopanda na kushuka kama vilima laini. Transista hukuza vilima hivyo. Lakini betri ni ya volti 9 tu, na haiwezekani kilima kupanda kupita pale betri inapofika. Ukizidi kukikuza, kilele hukatwa, kama vile chai inavyomwagika ukijaza kikombe kupita ukingo. Kilima chenye kilele kilichokatwa hakitoi tena sauti ile nyororo. Huzaa sauti nyingine nyingi juu ya ile ya kwanza, na noti hukaa kwa muda mrefu bila kufa. Basi gitaa, ambalo kwa kawaida hulia kisha hunyamaza, likaanza kuimba kama zumari au kama mtu.

Sasa habari za kisanduku chetu. Mwanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa mwenyewe hapendi sifa, alituazima pedali yake ya mviringo kwa majuma mawili, kwa sharti moja: irudi nzima. Tuliifungua usiku katika chumba cha fizikia. Wale waliotazamia kuona maajabu walishangaa, maana ndani mlikuwa karibu mtupu. Palikuwa na kibao kidogo cha shaba chenye vitu tisa: transista 2, rezista 4, na kapasita 3. Mbali na kibao, vilikuwapo vifundo 2, swichi, na betri. Hapo hapakuwa na kingine.

Kufuata njia ya umeme si kazi ya haraka. Tuliweka tochi nyuma ya kibao ili njia za shaba zionekane, tukazichora kwenye karatasi, kisha tukapima kwa mita kila mahali tulipodhani vitu viwili vimeungana. Watu wawili walichora mbali mbali, bila kuoneana. Baada ya hapo tukalinganisha michoro yote miwili. Rezista zilikuwa za omu 33,000, 8,200, 470 na 100,000. Kapasita zilikuwa za mikrofaradi 2.2, 20 na 0.01. Kifundo cha fazi kilikuwa cha omu 1,000, na kifundo cha sauti cha omu 500,000. Ile rezista ya 100,000 ndiyo iliyotupendeza zaidi, kwa sababu huchukua sehemu ya umeme kutoka transista ya pili na kuurudisha kwenye ya kwanza, kama mwanafunzi mkubwa anayerudi nyuma kumfundisha mdogo. Tulipomaliza, pedali ikafungwa, ikarudishwa kwa mwenyewe kabla ya siku zake kwisha.

Vifaa tulivitafuta Konyo Konyo kwa mzee mmoja fundi wa redio, ambaye ana madebe yaliyojaa maiti za redio za miaka mingi. Mzee alitupa transista za aina mbili. Aina ya kwanza ni ya jemaniamu, iliyotolewa katika redio ya zamani sana, na hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya pedali za kwanza za London. Aina ya pili ni ya silikoni, iliyokuja baadaye. Mzee alitutahadharisha kwamba jemaniamu haipendi joto. Tuliunda vibao viwili ili tujionee wenyewe, na mambo yakawa kama alivyosema. Saa mbili za usiku kibao cha jemaniamu kiliimba vizuri, sauti nene na laini. Saa nane za mchana, chini ya bati, kikasongwa pumzi kama mtu mwenye mafua. Sababu ni kwamba umeme huvuja ndani ya jemaniamu, na kuvuja huko huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. London, penye baridi, hilo halikuwa tatizo kubwa. Juba mwezi wa Machi ni habari nyingine.

Kwa hiyo kisanduku cha shule ni cha silikoni. Ilibidi kugeuza betri na zile kapasita mbili zenye upande wa kujumlisha na upande wa kutoa, kwa sababu transista hizi huenda kinyume cha zile. Kisha tukabadilisha ile rezista ya 8,200 mpaka mita ikaonyesha karibu volti 4 na nusu katika transista ya pili, yaani nusu ya betri. Ganda lake ni kopo la biskuti, na bati lake lazuia mngurumo wa jenereta usiingie katika sauti. Hendrix mwenyewe alitumia aina zote mbili: jemaniamu mwanzoni, na silikoni kuanzia mwaka 1968 hivi.

Twaweza kuuliza sasa: kama chombo chenyewe ni transista mbili tu, na kila kijana wa London aliweza kukinunua dukani, mbona kulikuwa na Hendrix mmoja tu?

Jibu la kwanza ni kwamba hakupokea tu alichouziwa. Pedali zile hazikufanana, maana transista za siku zile hazikufanana. Yeye alijaribu nyingi na kuchagua chache. Alikuwa pia na rafiki, Roger Mayer, kijana aliyekuwa akifanya utafiti wa sauti na mitetemo kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Mayer alimtengenezea vyombo na kuvirekebisha. Kimoja chao, kiitwacho Octavia, huongeza sauti ya juu zaidi kwenye noti, nacho kilisikika katika Purple Haze.

Jibu la pili ni vile vifundo vya gitaa nilivyowaomba mvikumbuke. Pedali hii ina tabia ya ajabu. Ukiiacha imewashwa, kisha ukapunguza kidogo sauti ya gitaa kwa kifundo, ile kukwaruza hutoweka na sauti huwa safi, angavu kama kengele. Ukiongeza, hunguruma tena. Hendrix hakuhitaji kukanyaga swichi kila mara. Kwa kidole kimoja kwenye kifundo alitoka kwenye mnong'ono mpaka kwenye radi, katikati ya wimbo, na kurudi. Tumelijaribu jambo hili wenyewe katika kisanduku chetu, na ni kweli tupu. Mwenye kufungulia yote na kuacha hupata kelele. Mwenye mkono uliofunzwa hupata wimbo. Mkono wa Hendrix ulifunzwa kwa uzi mmoja, kwa gitaa la dola 5, na kwa miaka minne ya kusimama nyuma ya watu.

Basi turudi kwenye maisha yake. Tarehe 18 Juni mwaka 1967 alipiga katika tamasha la Monterey, California, na mwisho akalichoma moto gitaa lake jukwaani. Mimi sisifu jambo hilo, maana gitaa ni mali, lakini tangu siku ile Marekani yote ilimjua. Mwaka 1968 akatoa santuri mbili pamoja, Electric Ladyland. Tarehe 18 Agosti mwaka 1969, asubuhi ya Jumatatu, alipiga katika tamasha la Woodstock, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha rudi makwao. Akapiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa peke yake, na kwa ile fazi akatia ndani yake milio kama ya mabomu na ving'ora, wakati vijana wa nchi yake walikuwa wakifa Vietnam. Hakuimba neno hata moja. Wako waliokasirika na wako waliolia. Sisi tuliowahi kusikia milio yenyewe, huku Juba, Desemba 2013 na Julai 2016, twaweza kusikiliza wimbo ule na kuufahamu bila mkalimani.

Ile karatasi ya dola 1 nayo ikaamka. Hendrix alipopata jina, Chalpin alitoa mkataba wake na kudai haki zake mahakamani. Mabishano yalichukua miaka. Ili kuyamaliza huko Marekani, ilimbidi Hendrix atoe santuri nzima kwa kampuni iliyotajwa katika mapatano. Aliirekodi New York usiku wa mwaka mpya wa 1970 pamoja na Billy Cox, yule rafiki wa jeshini, na Buddy Miles. Santuri hiyo, Band of Gypsys, ni miongoni mwa kazi zake bora kabisa, lakini ilizaliwa ili kulipa deni la sahihi moja. Vijana wenzangu mnaorekodi nyimbo hapa mjini, mkiletewa karatasi, isomeni. Msipoielewa, mpelekeeni mwalimu aisome. Njaa ya siku moja isiwauzie miaka mitatu.

Mwezi wa Agosti mwaka 1970 alifungua studio yake mwenyewe New York, iitwayo Electric Lady, ambayo ingali inafanya kazi hata leo. Hakuifaidi. Alikwenda Ulaya kupiga, na tarehe 18 Septemba mwaka 1970 akafariki London, akiwa na miaka 27. Alikuwa amekunywa vidonge vya usingizi kupita kiasi, na matapishi yakamziba pumzi usingizini. Mwenye kuchunguza vifo hakuweza kukata shauri kama ilikuwa ajali au vingine. Alizikwa Renton, karibu na Seattle, katika makaburi alimozikwa mama yake. Hakuacha wosia. Mali yake iligombaniwa kwa miaka mingi, na mwaka 1995 tu baba yake aliipata haki ya muziki wa mwanawe.

Miaka yake ya sifa, toka kufika London mpaka kufa, haikutimia hata minne. Lakini mwangwi wake ulifika mbali. Katika miaka ya 1970, huko Zambia, vijana wa bendi za WITCH, Amanaz na Ngozi Family walichukua gitaa la fazi, wakaliimbia mambo ya kwao kwa lugha za kwao pia. Hawakuwa nakala za Hendrix. Walifuata njia ya waya wake mpaka wakaielewa, kisha wakapitisha umeme wao wenyewe.

Nami nadhani ndivyo yafaa kusoma maisha ya mtu. Tunapofuata njia za shaba katika kibao hatuchori tu zile zinazotupendeza. Tunachora na pale palipoungua, ili atakayeunda baada yetu asiunguze mahali pale pale. Uzi mmoja wa ukulele, gitaa lililogeuzwa, sauti iliyoitwa kasoro: hizo ni njia njema za kufuata. Sahihi ya dola 1 na vidonge vya usiku ule ni mahali palipoungua.

Mchoro wa kisanduku umebandikwa katika ukuta wa chumba cha fizikia, karibu na dirisha. Mwanafunzi ye yote anaweza kuunakili. Sisi wa Senior Four twaondoka mwisho wa mwaka, lakini kopo la biskuti linabaki shuleni, na gitaa pia. Na ninyi ndugu zetu wanafunzi wa zamani, mlio Juba, Kampala, Nairobi na kwingineko, mkiwa na redio iliyokufa msiitupe. Ileteni shule. Ndani yake huenda mna transista mbili zilizo hai, na huku wako vijana wenye mikono.